Barabara Iliyopanda Cheo

Nilipokuwa mtoto, kuingia nyumbani kwetu kulitaka upande ngazi tatu. Baba alizijenga kwa matofali ya kuchoma, na jioni tulizikalia tukimenya karanga na kuangalia magari yanayokwenda Kabambare, siku yalipokuwepo. Leo kuingia nyumba ileile kunataka ushuke. Mgeni asiyejua hujikwaa kizingitini na kutua ndani kwa magoti, jambo ambalo mama hulichukua kama adabu njema. Watu wakimwuliza kama nyumba imezama, huwajibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi mno:

"Nyumba yangu iko palepale bwana yangu aliiacha. Njia ndiyo ilipanda cheo."

Na kweli ilipanda. Kila mkubwa fulani alipotangazwa kuja, malori yalimwaga udongo mwekundu juu ya mashimo, katapila ikapita juu yake, mkubwa akapita juu yake au asije kabisa, halafu mvua ikaja bila kutangazwa. Nusu ya udongo ilibaki pale ikakauka, barabara ikakua kidogo. Nusu nyingine iliingia kwetu. Hatukuialika, lakini sisi hatuna mazoea ya kufukuza wageni.

Mji wetu uko kwenye barabara hiyo ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Zamani ulikuwa kijiji kikubwa cha wakulima wa mpunga, kisha siku moja ikaja karatasi kutoka juu ikasema sisi ni mji. Hatukupata umeme wala maji ya bomba. Tulipata baraza, baraza likapata wajumbe, na wajumbe wakapata mazoea ya kuitwa Onorabule, yaani Mheshimiwa. Mmoja wao tulisoma naye, tukaiba mapapai naye. Siku hizi ukimwita kwa jina la utoto hasikii vizuri. Nadhani ni ugonjwa wa kazi.

Mama yangu hana haja na vyeo. Analima mpunga wake bondeni, anauvuna, anauanika, na magunia anayaweka katika chumba cha mbele, chumba cha kupokea wageni tunachokiita saloni. Saloni ile ndiyo fahari yake. Baba aliipaka rangi ya bluu kabla hajafa, na sakafu akaisugua kwa saruji nyekundu hadi ikang'aa. Sheria ya saloni ni moja: hakuna anayeingia na viatu. Mchungaji alivua. Askari waliokuja kutafuta mtu mwingine walivua, wakaulizwa na mama kama walikuwa wamekula. Mimi mwenyewe, mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, baba wa watoto, mwenye nyumba yangu mwenyewe, hadi leo nikisahau naona mkono wake umenyooshwa kuelekea miguu yangu, bila neno, na navua.

Msimu wa mvua uliopita maji yalishuka kutoka barabarani usiku na mchana, yakaingia chini ya mlango, yakakaa. Magunia ya chini yalilowa, na kabla hatujayaondoa mpunga ukaanza kuota. Nadhani sisi ndio familia ya kwanza katika eneo lote kulima saloni. Tulicheka, kwa sababu ungefanya nini kingine, lakini ukuta wa mbele ulikuwa umeanza kulainika chini kama mkate ndani ya chai, na mama alikuwa akiupapasa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Nyumba ile ndiyo kitu pekee baba alichomwachia. Barabara ikipanda tena, itaanguka. Hilo alilijua bila kuelezwa na mtu.

Ndipo akaja mhandisi kutoka mkoani. Kijana mpole, mgeni wa huku, aliyezungumza Kifaransa na Kilingala na Kiswahili cha kuomba maji tu. Kwa kuwa mimi ni "prof", nikateuliwa kuwa mdomo wake. Alivua buti zake mlangoni kabla hajaambiwa, na mama akampenda papo hapo. Akaeleza, nami nikafasiri: njia ziko mbili. Ya kwanza, kumwaga udongo mpya juu ya wa zamani, kama siku zote. Ya pili, kuchimbua barabara yote hadi chini ilipoanzia, kuishindilia upya, kuchimba mifereji pande zote mbili. Hiyo ya pili ingedumu. Ila mfereji wa upande wetu ungepita katikati ya saloni.

Mama hakuuliza habari ya mfereji. Aliuliza: "Mutaishusha mpaka wapi?"

Mhandisi akatoka nje, akainama ukutani, akaweka kiganja chini kabisa, mahali ambapo ngazi ya kwanza ya baba ililala ndani ya udongo. Mama akakitazama kile kiganja. Kisha akasema nimwambie hivi: "Achukue saloni. Anirudishie ngazi yangu."

Nilifasiri neno kwa neno. Nilijua saloni ile ni nini kwake.

Mhandisi akachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa mbele, alama ya nyumba itakayokatwa. Kesho yake walifika wanawake wawili wenye watoto migongoni, wakakaa kwenye mkeka wa mama na kuuliza chanjo inaanza saa ngapi. Aliwapa chai. Kwa wiki nzima tulikuwa zahanati, na sina hakika kwamba tulifanya kazi mbaya.

Basi baraza likakutana kuamua. Kikao kilichelewa kwa sababu rais wa baraza alikuwa amekwama kwenye shimo lililo mbele ya nyumba ya mama, shimo kubwa kuliko yote barabarani, ambalo tunalitumia kuelekezea wageni. Alifika na matope hadi mapajani, akafungua kikao kwa kusema kwamba ameifanyia mada uchunguzi wa kina. Watu walipiga makofi.

Wajumbe walikuwa kambi mbili. Mama alikuwa amekwisha kuwapa majina: Watu wa Poda, waliotaka udongo juu, na Watu wa Jembe, waliotaka kuchimbua. Poda, alisema, haipakwi usoni kabla ya kunawa.

Mjumbe wa Poda alisimama wa kwanza. "Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaomba kuziba."

"Ukuta ilishaanguka zamani," akajibu wa Jembe. "Munaziba nini, hewa?"

Akasimama mwingine wa Poda, mtu wa fikra za mbali. "Munisikilize muzuri. Njia ikikuwa muzuri sana, gari itapita bila kusimama. Ikipita bila kusimama, nani atanunua ndizi yetu? Nani atalala kwetu? Hii mashimo ndiyo inatuletea watu!"

Iliniuma kwamba kulikuwa na ukweli ndani yake. Hata vijana wanaosukuma magari yaliyokwama walikuwa wametuma mwakilishi, aliyevaa shati safi, kuomba kwamba barabara yoyote itakayotengenezwa, shimo moja liachwe kwa ajili ya ajira ya vijana. Ombi lilipokelewa kwa uzito wote. Iliundwa tume ya kwenda kulitazama shimo, gari la tume likakwama humo, na waombaji wakalisukuma. Tume ikarudi na kuripoti kwamba vijana wana nguvu.

Mchana ulisogea. Harufu ya wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilianza kuingia kutoka uani, na samaki wa Nyangwe, waliofika kwa pikipiki wamechoka kuliko wajumbe, walikuwa wanakaangwa. Hapo ndipo hekima ilipoanza kushuka. Rais alisimama akasema tusigawanyike, sisi ni watoto wa mama mmoja, na hakuna hapa anayekataa barabara itengenezwe. Kuna anayekataa?

Hakuna aliyekataa. Mikono yote ilipanda juu, ya Poda na ya Jembe, wakatazamana kwa tabasamu la watu walioshindana wakashinda wote. Azimio: barabara itengenezwe. Makofi, vigelegele, maji ya kunawa mikono yakaanza kupita.

Mhandisi akanigeukia, kalamu mkononi. "Wameamua nini?"

Nikatafuta neno la Kifaransa. Kiswahili chetu ni kikarimu. Ukishona kiraka kwenye suruali, umeitengeneza. Ukishona suruali mpya kutoka kitambaa kizima, nayo umeitengeneza. Kifaransa hakina ukarimu huo. Kinakutaka useme: umeweka kiraka, au umeshona upya?

Nikanyoosha mkono. "Onorabule Rais, samahani. Kutengeneza gani?"

"Kutengeneza gani, namna gani? Prof, wewe ni mutoto wa hapa. Kutengeneza ni kutengeneza."

"Kwa Kifaransa iko maneno mbili. Moja ni kumwaga udongo juu, ingine ni kuchimbua na kuanza upya."

Ukumbi ulinuna. Watu wa Poda walisema ni wazi kabisa maana yake ni poda. Watu wa Jembe walisema ni wazi kabisa maana yake ni jembe. Mmoja akasema waalimu wa Kifaransa ndio wanaoharibu nchi. Mama, aliyekuwa amesimama dirishani pamoja na wanawake wengine, alinitazama mimi tu. Rais alitazama upande wa uani, kulikokuwa na samaki, akatafakari, kisha akatoa suluhisho.

"Bon. Ongeza 'muzuri'."

Ndivyo azimio lilivyokamilika: barabara itengenezwe vizuri. Nilimfasiria mhandisi maana zote mbili, pamoja na "vizuri". Hakushangaa. Alisema atayapeleka yote mkoani, nao watatazama ni mashine gani ipo. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kula samaki wa namna hiyo katika miji mingi.

Siku chache baadaye mpiga mbiu alipita na kipaza sauti: barabara itatengenezwa vizuri, wananchi wajiandae. Mama akajiandaa. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba katapila haipigi hodi. Ukisubiri ifike, inakulazia ukuta wako chini na kuacha vumbi. Mwenye akili huvunja mwenyewe mapema, tofali kwa tofali, ili aokoe matofali, mlango na bati. Nilimwambia angoje, neno lile bado lina miguu miwili. Akanionyesha msalaba ukutani.

"Huyu kijana alivua viatu," akasema. "Mutu wa kuvua viatu haongope."

Mhandisi hakuwa amedanganya. Ni mkoa tu uliokuwa na lori na haukuwa na mashine ya kuchimbua.

Tuliivunja saloni pamoja. Alianza na dirisha, kwa kisu na nyundo, taratibu, kama mtu anayetoa mfupa kwenye samaki wa mgonjwa. Kila tofali lilikuwa na uso mmoja wa bluu. Baba aliyafyatua mwenyewe, akayachoma mwenyewe, na mengine yana alama za vidole vyake. Mama aliyapanga kando ya barabara, marefu na sawasawa, bluu upande mmoja, akayafunika kwa majani ya migomba. Angeyatumia kujenga chumba kingine nyuma, mbali na mfereji. Sakafu nyekundu ikabaki juani, na aliendelea kuifagia. Nami nikivuka pale kuingia chumbani, nilivua.

Kisha nikaitwa Wamaza kusimamia mitihani. Nilikwenda kwa pikipiki na kurudi kwa pikipiki, na sehemu kubwa ya safari pikipiki ndiyo iliyonipanda mimi. Nyuma yangu mambo yalikwenda mbio, kwa mara ya kwanza katika historia ya mji. Malori yalifika. Yakamwaga udongo mwekundu juu ya udongo mwekundu, hadi usawa wa dirisha letu ambalo halikuwepo tena. Lakini udongo uliisha kabla ya kufika kwenye shimo kubwa, na uzinduzi ulikuwa umekaribia. Rais akatangaza salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi: kila mtu atoke, shimo lizibwe kwa chochote kinachopatikana.

Mama alikuwa shambani, mpunga ulikuwa umeiva. Kilichopatikana karibu na shimo, kimepangwa vizuri, tayari kabisa kwa kazi, kilikuwa saloni yetu.

Aliyenieleza ni jirani yetu, mchuuzi wa dhahabu aliyetoka upande wa Bukavu, anayepanga nyumba ya pili na kwenda Lusangi kila wiki. Alikuwa na aibu hadi akashindwa kunitazama. "Prof, tulizania ni matofali ya Leta. Walisema kitu ikiwa pembeni ya njia ni ya Leta. Na ilipangwa muzuri sana. Mutu gani anapanga muzuri vile kitu yake?"

Leta, yaani serikali yetu, haijawahi kupanga kitu vizuri namna ile hata siku moja, na hilo ndilo lingepaswa kuwaonya. Lakini sikumwambia hivyo. Nilikuwa na hasira. Nilikwenda kwa rais, akanipokea vema, akaniambia kwamba mji unamshukuru mama kwa mchango wake. Mchango! Nilirudi kwa mama nikamkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, ambacho sasa ndicho kilichokuwa mlango wa nyumba, akipepeta mchele. Barabara ilikuwa juu ya kichwa chake. Nilitaka kulia, yeye akaniuliza kama kule Wamaza walinipa chakula.

Uzinduzi ulifanyika asubuhi. Utepe ulifungwa kwenye vigogo viwili vya migomba, viti vikaletwa kutoka shuleni, kwaya ikaimba. Rais wa baraza alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa, akachagua kusimama palepale kwenye shimo la zamani, kwa sababu, alisema, hapo ndipo adui alipokuwa amejificha. Akagonga kisigino chini.

"Munaona? Watu wa Poda, Watu wa Jembe, wote tumetengeneza. Hapa hata uruke, haitikisike!"

Makofi. Ndipo nikamwona mama akipanda kutoka kwenye nyumba yake, miguu mitupu, kitambaa safi kichwani. Watu walimpisha. Rais akamnyooshea mkono, akidhani amekuja kushukuru.

"Onorabule," mama akasema, "vua viatu."

"Mama?"

"Uko mu saloni yangu. Kwangu mutu haingie saloni na viatu. Hata enjenieri alivua."

Watu waliangua kicheko. Rais naye akacheka, akamwambia kila mtu kwamba mama huyu anapenda mzaha. Mama hakucheka. Alisimama pale, mkono wake umenyooshwa kuelekea miguu ya rais, bila neno, kama alivyoninyooshea mimi nikitoka shule. Kicheko kikaanza kupungua, kwanza kwa jirani yetu, kisha kwa wale waliobeba matofali Jumamosi ile, kisha kwa kwaya. Rais akatazama chini. Udongo waliotupia juu ulikuwa haba, na kati ya viatu vyake vyeusi palionekana nyuso mbili tatu za bluu.

Hakuvua. Alisogea hatua kadhaa pembeni, akamalizia hotuba yake kwenye majani, na utepe ukakatwa kutokea huko.

Mvua ilinyesha siku ileile. Maji yalishuka moja kwa moja hadi kitandani kwa mama, maana hakukuwa tena na saloni ya kuyapokea. Tulimhamishia jikoni nyuma, pamoja na mpunga. Amekataa kuja kwangu. Anasema hawezi kuacha nyumba wakati nusu yake iko nje.

Mimi hupita pale kila siku nikienda shuleni. Nikifika kwenye bluu, nateremka kwenye pikipiki, navua viatu, naisukuma hadi ng'ambo, kisha navaa tena. Wapita njia wanasema mwalimu wa Kifaransa amechanganyikiwa. Mama akiwa karibu, husimama kuangalia kama nimevua vyote viwili.